Mashua Haiongezi Mzigo Darajani

Kuhusu daraja la Pontcysyllte huko Wales, ambalo tangu mwaka 1805 limeupitisha mfereji wa mashua juu ya mto Dee, swali moja huulizwa tena na tena: je, mashua nzito zikiingia kwa wingi, nguzo hazitaelemewa? Swali hilo limejengwa juu ya dhana potofu, tena dhana inayostahili kung'olewa kabisa, kwa kuwa humzuia mtu kuuona ustadi wa kweli wa wajenzi.

Kwa mujibu wa kanuni ya Archimedes, kitu kinachoelea huondosha maji yenye uzito sawa na wake. Mashua ya tani 20 inapoingia darajani, maji ya tani 20 huipisha na kusogea kwenye sehemu ya mfereji iliyochimbwa ardhini, na hivyo mzigo wa nguzo hubaki uleule. Kudai kwamba mashua imejaa makaa ya mawe hakubadili hesabu, kwani iliyojaa huzama zaidi na kuondosha maji zaidi. Wala mashua kumi hazina hukumu tofauti na moja, maana kila moja huondosha maji yake. Wanaoongeza mzigo ni watembea kwa miguu na, zamani, farasi waliovuta mashua, kwa sababu hao hawaelei.

Mzigo mkubwa ni maji yenyewe, takriban tani 1,500, ambayo hukaa darajani iwe mashua ipo au haipo. Madaraja ya awali, kama lile la Barton la mwaka 1761, yalizuia maji kwa udongo mzito wa mfinyanzi uliokandwa ndani ya kuta za mawe. Wahandisi William Jessop na Thomas Telford waliuacha uzito huo, wakatumia hori la vibao vya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, vikaungwa kwa bolti na kulazwa juu ya matao ya chuma yanayobebwa na nguzo 18 za mawe, zenye uwazi ndani sehemu ya juu. Hori hilo lina urefu wa mita 307 na liko mita 38 hivi juu ya mto. Njia ya farasi iliinuliwa juu ya maji, ili maji yanayoondoshwa yapate upenyo chini yake na mashua isikwame.

Matunzo yake ni haya: ncha zote mbili huzibwa kwa mbao, kizibo cha chini huvutwa ili maji yamwagike mtoni, bolti hukaguliwa, viungo vinavyovuja huzibwa upya. Mgeni aweza kuvuka kwa miguu kwenye njia yenye uzio, au kwa mashua, akiwashika watoto vyema, kwani upande wa pili hauna uzio wowote.

Daraja hili, lililoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2009, halitishiwi na mashua. Anayelijali na aulizie hali ya viungo na bolti zake.