Vita vya Ziwa Tanganyika katika Filamu ya The African Queen: Majina Yaliyobaki na Msamiati Unaopotea

Ikisiri

Filamu ya The African Queen (1951) ndiyo iliyovitangaza zaidi duniani vita vya majini vya Ziwa Tanganyika vya mwaka 1915 na 1916. Makala haya yanaeleza jinsi tukio la kihistoria lilivyogeuzwa riwaya, kisha filamu, na jinsi kazi hiyo ilivyojenga au kukamilisha sifa za watu walioitengeneza. Hoja kuu ni kwamba filamu ilihifadhi majina ya watengenezaji wake na kuwaacha bila majina watu wa ziwa. Kumbukumbu ya watu hao imebaki zaidi katika maneno ya Kiswahili, na sehemu ya maneno hayo haijaandikwa.

1. Utangulizi

Gatumba iko kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Bujumbura kuelekea Uvira, jirani na mahali Mto Rusizi unapoingia ziwani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, eneo la Rusizi lilikuwa mpaka kati ya Urundi iliyotawaliwa na Wajerumani na Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji. Mvuvi wa eneo hilo alikuwa na dola moja mbele yake na nyingine nyuma yake. Hata hivyo, mtu anayetaka kujua habari za vita hivyo leo huelekezwa mara nyingi kwenye filamu iliyoongozwa na Mmarekani, ikatokana na riwaya ya Mwingereza.

2. Tukio lenyewe

Wajerumani walilitawala ziwa kwa meli chache, zikiwamo Kingani na Hedwig von Wissmann. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915.

Waingereza walijibu kwa kuleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Majina hayo ni ya Kifaransa cha kitoto, yakiiga sauti za paka na mbwa, ingawa msemaji wa Kiswahili husikia jambo jingine kabisa katika jina la kwanza. Mashua hizo zilipelekwa kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kisha zikavutwa nchi kavu kwa matrekta ya mvuke kupitia milima ya Mitumba. Vibarua wa Kiafrika walifyeka njia, wakajenga madaraja na kubeba maji ya injini. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitekwa, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa.

Graf von Götzen haikuzamishwa na adui. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wakiiacha Kigoma, baada ya kuzipaka injini zake grisi ili zisiharibike. Iliibuliwa mwaka 1924 na kurejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

3. Kutoka riwaya hadi filamu

C. S. Forester alichapisha riwaya ya The African Queen mwaka 1935. Ndani yake, fundi Charlie Allnut na Rose Sayer, dada wa mmisionari, wanateremka Mto Ulanga kwa mashua chakavu wakikusudia kuizamisha meli ya Wajerumani kwa topido walizojitengenezea. Katika riwaya jaribio hilo linashindwa, na meli inazamishwa na mashua mbili za Waingereza. Hapa kivuli cha Mimi na Toutou kinaonekana waziwazi. Filamu ilibadilisha mwisho huo: meli inaigonga mashua iliyopinduka, topido zinalipuka, na ushindi unakuwa wa wapenzi wawili. Kwa badiliko hilo, hata kile kidogo cha kampeni halisi kilichokuwa kimebaki katika riwaya kiliondolewa.

Mwongozaji, John Huston, alikuwa ametengeneza filamu za hali halisi kwa ajili ya jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mojawapo, Let There Be Light (1946), iliyoonyesha askari waliojeruhiwa akili na vita, ilizuiwa na jeshi kwa zaidi ya miaka 30. Mtu aliyejua vita vilivyo aliitengeneza hadithi hii kuwa safari ya mapenzi na ujasiri. Aliandika mswada pamoja na James Agee, mhakiki wa filamu. Mpigapicha, Jack Cardiff, alikwisha kupata tuzo ya Oscar kwa Black Narcissus (1947). Mtayarishaji, Sam Spiegel, baadaye alitayarisha The Bridge on the River Kwai (1957) na Lawrence of Arabia (1962). Humphrey Bogart alipata Oscar yake pekee kwa nafasi ya Allnut, na Katharine Hepburn, aliyeigiza Rose, aliandika kitabu kizima kuhusu utengenezaji wa filamu hiyo mwaka 1987.

Picha za nje zilipigwa kwenye Mto Ruiki katika Kongo ya Kibelgiji, na nchini Uganda kwenye maporomoko ya Murchison na Butiaba, Ziwa Albert. Ziwa Tanganyika halimo. Waafrika wanaonekana mwanzoni kama waumini wasioufahamu wimbo wanaoimbishwa, kisha kama wanakijiji wanaochomewa nyumba na kuswagwa na askari. Hakuna hata mmoja aliyepewa jina na nafasi ya kuisukuma hadithi mbele.

4. Kilichohifadhiwa na lugha

Kiswahili kimetunza sehemu ya kile ambacho filamu ilikiacha. Kariakoo ya Dar es Salaam ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hivyo. Jina la soko likawa mnara wao. Neno manowari, lililotokana na Kiingereza, ni kumbukumbu ya enzi ambamo meli za kivita za wageni zilifika mwambao. Liemba ni jina la kienyeji la sehemu ya kusini ya ziwa, lililochukua mahali pa jina la Götzen, gavana ambaye chini yake Vita vya Maji Maji vilizuka mwaka 1905.

Lakini maneno yaliyoingia katika kamusi ni machache. Kiswahili cha mwambao wa bahari kimeandikwa kwa kina kuhusu majahazi, pepo na matanga. Cha ziwani hakijapata uangalifu huo. Samaki anayeitwa mukeke Burundi huitwa mgebuka Kigoma. Ndagala wa Gatumba ni dagaa wa Kigoma. Tofauti hizi si za mapambo. Ziwa linamilikiwa na nchi nne, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Kanuni ya uvuvi au tahadhari ya dhoruba iliyoandikwa kwa istilahi ya ufuo mmoja yaweza isieleweke, au ikaeleweka visivyo, kwenye ufuo wa pili.

5. Hitimisho na mapendekezo

Filamu haiwezi kulaumiwa kwa kutokuwa kitabu cha historia. Tatizo hutokea inapoachwa kuwa kumbukumbu pekee inayofikika. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Burundi, Tanzania na Kongo, ikusanye msamiati wa vyombo, uvuvi na hali ya hewa ya ziwa, ikianzia na wazee wa bandari na mialo kama ya Gatumba, Uvira na Kigoma. Pili, msamiati huo utumike katika kanuni na matangazo ya usalama, kila neno likiambatana na visawe vyake vya fuo nyingine. Tatu, filamu hii inapoonyeshwa shuleni na vyuoni, iambatane na maelezo ya Kiswahili kuhusu kampeni ya 1915 na 1916 na watu walioibeba mabegani. Maji ya ziwa yamepanda katika miaka ya karibuni na kuwahamisha wakazi wengi wa Gatumba. Jamii ya wavuvi ikitawanyika, msamiati wake hutawanyika nayo. Kwa hiyo kazi hii haina budi kuanza wakati wasemaji wake wangali pamoja.