Nyenje wa mlimani na popo wa Mafia: Kiumbe anapataje jina lake mwenyewe?

Ukisimama ufukweni Shungimbili, kile kisiwa kidogo kaskazini magharibi mwa Mafia, huoni mlima wala pango. Ni mchanga, miti na bahari pande zote. Kisiwa kizima ni ekari 20 hivi. Ukianza kukizunguka kwa miguu, chai haijapoa umesharudi ulipoanzia.

Sasa habari ya nyenje anayeishi kwenye baridi kali ya milimani tunaianzia hapa kwa nini? Kwa sababu wataalamu wa wadudu wakitaka kueleza kilichomtokea nyenje huyo, wanatumia neno moja tu: kisiwa.

Twende New Zealand kwanza. Kwenye milima ya Southern Alps kuna kundi la nyenje wa mapangoni linaloitwa Pharmacus, neno la Kilatini lenye maana ya mchawi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1893. Wapanda milima wao wana jina lao la utani, kiroboto wa Mount Cook, maana ukipita karibu na ufa wa mwamba anaruka bila hodi.

Wanaitwa wa mapangoni kwa sababu ya ukoo wao, lakini maisha yao yako kwenye nyufa za miamba, juu kabisa kuliko miti inavyoweza kuota. Hawana mabawa. Hawana masikio. Na hawaimbi, jambo ambalo kwa nyenje ni kama kusikia kuna jogoo asiyewika.

Mwaka 2022 watafiti watatu, Danilo Hegg, Mary Morgan-Richards na Steven Trewick, walichapisha mapitio ya kundi hili zima. Wakatoka na spishi mpya 6 na nususpishi mpya 3.

Hapo kwenye "nususpishi" ndipo wengi wetu tunapoachwa.

Spishi na nususpishi

Kwa kifupi, spishi ni viumbe wanaozaana wao kwa wao na watoto wao wakaweza kuzaa. Nususpishi bado ni spishi ileile, ila kundi hilo limekaa mbali na wenzao muda mrefu mpaka limepata tofauti zinazoonekana na za kudumu: rangi, ukubwa, au idadi ya miiba kwenye mguu wa nyuma.

Fikiria Kiswahili chetu. Mtu wa Mombasa na mtu wa Pemba wakikutana wanaelewana vizuri tu, lakini akifungua mdomo unajua huyu katoka wapi. Mkondo wa bahari uliwatenga, kila upande ukaenda na mambo yake.

Kwenye maandishi utaitambua nususpishi kwa jina lake: spishi ina maneno mawili, nususpishi ina matatu.

Na Mafia wanaye mmoja wa kujivunia. Yule popo mkubwa anayekula matunda anaitwa Pteropus seychellensis comorensis. Yaani spishi ni ya Shelisheli, halafu nususpishi hii inapatikana Komoro na Mafia. Sasa angalia ramani. Kutoka Mafia mpaka delta ya Rufiji ni kilomita 20 hivi, lakini huko bara huyu popo hayupo. Hakuna popo wa kundi la Pteropus kwenye bara zima la Afrika, ukitoka Dar mpaka Dakar. Ndugu zake wako Komoro, zaidi ya kilomita 500.

Pemba mambo yamekwenda mbali zaidi. Popo wa huko, Pteropus voeltzkowi, ni spishi kamili inayopatikana Pemba peke yake.

Mlima nao ni kisiwa

Hebu sasa tupande. Kwenye maeneo ya juu ya Kilimanjaro kuna panzi wa kundi la Parasphena, mwenye vibawa vidogo visivyoweza kumrusha. Meru nako kuna wa kundi hilohilo, lakini ni spishi nyingine, Parasphena meruensis. Mlima Kenya ana wake, keniensis. Vilima vya Ngong pale karibu na Nairobi navyo vina wake, ngongensis. Ukisoma majina tu ni kama unasoma ramani.

Kilimanjaro na Meru vinatazamana, siku ya anga safi unaviona vyote viwili ukiwa KIA. Lakini kwa panzi asiyeruka, aliyezoea baridi, zile tambarare za joto za Boma Ng'ombe na KIA ni bahari. Hawezi kuvuka.

Walivukaje basi mwanzoni? Kipindi dunia ilipokuwa baridi zaidi, mimea ya juu ilishuka mpaka chini na viumbe wake wakashuka nayo. Joto liliporudi, kila kundi likakimbilia juu kwenye mlima lililoukaribia, na likabaki huko. Hayo ndiyo yanayoelezwa pia kwa nyenje wa New Zealand na barafu yao.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya wadudu hawa Tanzania ni Claudia Hemp, mtafiti wa Kijerumani. Mwaka 2001 alimtangaza Aerotegmina kilimandjarica, ndugu wa mbali wa senene, ambaye mabawa ya dume yamevimba kama kibuyu cha kukuzia sauti. Baadaye akaja ndugu yake, shengenae, aliyepewa jina la Shengena, kilele cha Pare Kusini. Mlima wa pili, mdudu wa pili.

Unathibitishaje?

Hapa ndipo kazi ilipo, na si ya kukurupuka. Mtafiti anachagua kielelezo kimoja kitakachohifadhiwa makumbusho kama shahidi wa jina hilo milele. Anapima miguu, anahesabu miiba, anaangalia viungo vya uzazi vya dume kwa darubini, kwa sababu kwa wadudu hivyo ndivyo mara nyingi vinavyotofautisha spishi. Siku hizi DNA inaongezwa. Kwa wale wanaoimba, wimbo unarekodiwa, maana jike hufuata wimbo wa dume wa kwao.

Kwa nyenje bubu hakuna cha kurekodi. Lakini bubu haina maana hawasemezani. Afrika tunao nyenje wa mapangoni wa kundi la Phaeophilacris, na utafiti uliochapishwa Ujerumani mwaka 1987 ulionyesha kwamba dume wa spishi mojawapo anapiga mabawa kimyakimya na kutuma viduara vya hewa kwenda kwa mwenzake, kama mvuta sigara anayepuliza viduara vya moshi. Niliposoma hilo nilirudia mara mbili.

Vipimo vikishakamilika, jina linachapishwa kwa kufuata kanuni za kimataifa za majina ya wanyama. Hakuna ofisi inayogonga muhuri kila jina. Wengine wanaweza kupinga, na mambo hubadilika: twiga wetu alihesabiwa miaka mingi kama nususpishi ya twiga mmoja wa Afrika, mpaka Agosti 2025 IUCN ilipokubali kuwa twiga ni spishi 4, na twiga wa Masai ni mojawapo.

Jina linalipa nini?

Swali la haki kabisa. Jibu liko Pemba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 popo wa Pemba walikuwa wamebaki wachache mno kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa misitu. Mwaka 1996 waliwekwa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kwa kuwa ilijulikana kwamba hawapo kwingine duniani, juhudi zikaanza, vijiji vikashiriki, na leo Kidike watalii wanalipa kwenda kuwaangalia. Miaka kumi na kitu baadaye walikadiriwa kufika karibu 20,000 na daraja lao la hatari likashushwa.

Kama wangeandikwa tu "popo", nani angehangaika? Ripoti ya mazingira kabla ya kujenga barabara au hoteli huandikwa kwa majina. Asiye na jina haingii kwenye jedwali.

Shungimbili yenyewe ni eneo tengefu la bahari tangu 2007, pamoja na Nyororo na Mbarakuni, na juu yake kuna hoteli ya kifahari. Macho ya wengi yako majini. Mdudu wa chini ya jani bovu huwa hana mgeni.

Kwa hiyo ukiwa Mafia, Lushoto au Marangu na ukamwona nyenje usiyemwelewa, usimkanyage. Toa simu. Mpige picha kwa juu na kwa ubavu, mguu wa nyuma uonekane wote, andika tarehe na mahali, na kama anaimba mrekodi kabla hujamsogelea. Halafu weka kwenye iNaturalist, ambako wataalamu wa wadudu hupita kuangalia. Programu ni ya bure, bando tu ndiyo lako.