MAHALI PAWILI KWA SIKU MOJA: HESABU YA FOLENI KATIKA NJIA YA TABORA

Kila mwaka walimu wengi hupanga kuwachukua wanafunzi wao katika ziara za mafunzo. Aghalabu fedha ni chache, basi ni la kuazima, na siku ni moja tu; hivyo mwalimu hupenda kuwaonyesha wanafunzi mahali pawili badala ya pamoja. Jioni ikifika, yaonekana kwamba sehemu kubwa ya siku imepita katika kusimama. Wengine waliingia na kuona. Wengine, hasa wadogo waliosukumwa hadi mwisho wa mstari, walirudi nyumbani wakiwa wameona ukuta wa nje na migongo ya wenzao.

Kosa hili hudhaniwa kuwa ni la bahati, au la uchache wa magari. Katika makala haya tutaonyesha kwamba mara nyingi ni kosa la hesabu, na kwamba hesabu yenyewe si ngumu.

MFANO WA TABORA

Tuchukue shule moja iliyoko mjini Tabora yenye wanafunzi 80 wa kutembezwa. Mahali pa kwanza ni Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji, ambako iko nyumba ya tembe iliyojengwa upya kwa ukumbusho wa ile aliyokaa David Livingstone, na ambayo sasa ni makumbusho. Mahali pa pili ni stesheni ya reli, ambapo njia itokayo Dar es Salaam hugawanyika, tawi moja likielekea Kigoma na jingine Mwanza. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Mwanafunzi aonaye mahali hapo pawili kwa siku moja ameona njia ya wapagazi na njia ya chuma iliyoirithi.

Tuweke sasa tarakimu, ambazo ni za mfano tu, zilizochaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Vyumba vya tembe vinapokea wanafunzi 20 kwa mara moja, kwa nusu saa. Stesheni inapokea wanafunzi 40 kwa mara moja, kwa saa nzima. Safari ya basi kati ya mji na Kwihara ni nusu saa, na kila basi lina viti 40.

Katika mpango wa kwanza, mwalimu anapata mabasi mawili na kuwachukua wote pamoja. Wanaondoka saa 2 asubuhi na kufika Kwihara saa 2:30. Kundi la kwanza la wanafunzi 20 linaingia mara moja. La pili linangoja nusu saa, la tatu saa nzima, na la nne saa moja na nusu. Saa 4:30 wanaondoka, saa 5 wako stesheni. Arobaini wanaingia, na arobaini wengine wanakaa juani saa nzima. Ziara inakwisha saa 7 mchana. Kila mwanafunzi amengoja kwa wastani dakika 75, yaani saa 100 za kungoja kwa shule nzima.

Katika mpango wa pili, mwalimu ana basi moja tu. Anawagawa wanafunzi katika vikosi viwili. Kikosi A kinaondoka kwa basi saa 2 kwenda Kwihara. Saa hiyo hiyo kikosi B, ambacho kimekwisha kutembea kwa miguu hadi stesheni, kinaanza ziara yake huko. Basi linamshusha mwanafunzi wa mwisho Kwihara saa 2:30, linarudi mjini saa 3, linakipakia kikosi B kilichomaliza stesheni, na kukifikisha Kwihara saa 3:30. Wakati huo kikosi A kimemaliza tembe. Basi linakirudisha mjini saa 4, nacho kinaingia stesheni. Kikosi B kinamaliza tembe saa 4:30, basi linakuja kukichukua, na saa 5 vikosi vyote viwili vimemaliza.

Wastani wa kungoja sasa ni dakika 15 kwa mwanafunzi, yaani saa 20 kwa shule nzima. Basi moja lililopangwa limemaliza kazi saa mbili kabla ya mabasi mawili yasiyopangwa. Siri yake ni nyepesi: mpango wa kwanza uliongeza uwezo wa barabara, ambako hapakuwa na shida, na kuwafikisha watu wengi mbele ya mlango mwembamba kwa wakati mmoja. Mpango wa pili ulianza kwa kuutazama mlango wenyewe.

KWA NINI FOLENI HUREFUKA GHAFLA

Elimu ya foleni ilianza katika simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha makala kuhusu wito wa simu ufikao kwa bahati, bila kujua wito mwingine utafika lini. Alitaka kujua ni nyaya ngapi zinahitajika ili watu wasingoje mno. Hesabu hiyo hiyo inafaa hospitalini, bandarini, benki, na kwenye lango la makumbusho.

Fikiria kiongozi mmoja wa wageni atumiaye wastani wa dakika 20 kwa kila kundi. Makundi yanakuja kwa bahati, na muda wa kila kundi nao hubadilika kwa bahati. Akishughulika nusu ya muda wake, kundi litangoja kwa wastani dakika 20. Akishughulika sehemu nane za kumi za muda wake, kungoja kunafika dakika 80. Zikifika sehemu tisa za kumi, kungoja ni dakika 180, yaani saa 3. Kazi imeongezeka kidogo tu, lakini foleni imezidi mara mbili. Ndiyo sababu mahali palipoonekana shwari wiki iliyopita paweza kujaa leo kwa kuongezeka makundi mawili matatu.

Kanuni ya pili ilithibitishwa mwaka 1961 na John Little wa Marekani. Husema kwamba wastani wa idadi ya walio katika foleni ni sawa na idadi ya waingiao kwa saa mara wastani wa saa za kungoja. Kwa kanuni hii msomaji aweza kukisia muda wake bila kumwuliza mtu. Akikuta watu 60 mbele yake, na watu 40 huingia kila saa, ajue kwamba atangoja saa moja na nusu.

TIKETI YENYE SAA

Mahali ambapo elimu hii imejaribiwa kwa ukubwa ni bustani za michezo za nchi tajiri, ambako watu hulipa ili kupanda vigari viendavyo kwa kasi juu ya reli zilizopinda. Disneyland ilifunguliwa mwaka 1955 huko Anaheim, California, na mwaka 2001 bustani ya pili ilifunguliwa mkabala na lango lake. Tangu hapo wageni wengi hujaribu kuzimaliza zote mbili kwa siku moja, na shida yao ni ile ile ya mwalimu wa Tabora.

Mwaka 1999 kampuni ya bustani hizo ilianzisha mpango ulioitwa FASTPASS. Mgeni alitia tiketi yake katika mashine iliyo karibu na mchezo, akapewa kipande cha karatasi kilichotaja muda wa saa moja ambao angerudi na kuingia kwa mlango wa pembeni. Mpango huo ulikomeshwa rasmi mwaka 2021, na nafasi yake ikachukuliwa na huduma ya kulipia iendeshwayo kwa simu ya mkononi.

Ni muhimu kuelewa karatasi ile ilifanya nini na haikufanya nini. Haikuongeza kiti hata kimoja. Tuseme mchezo unapakia watu 1,000 kwa saa, na 700 wanakuja na tiketi zenye saa. Wasio na tiketi hizo wamebakiwa na nafasi 300, na mstari wao unakwenda polepole kuliko zamani. Faida ya tiketi yenye saa ni kuondoa bahati: watu huja kwa kiasi kinacholingana na uwezo wa mlango, na muda wa kungoja waweza kutumika kwa kula, kupumzika au kutazama jambo jingine. Lakini kama watakao kuingia ni wengi kuliko nafasi za siku nzima, tiketi huamua tu nani atakayekosa.

Mtu mwenye bustani mbili hukabiliwa na jambo la ziada. Akiweka nafasi ya saa 8 mchana katika ya kwanza na saa 8:30 katika ya pili, kila tiketi peke yake ni njema, lakini pamoja zaweza kuharibiana, kwa kuwa hakuhesabu muda wa kuvuka. Bustani za Anaheim zilipofunguliwa tena mwaka 2021 baada ya ugonjwa wa Uviko, mgeni hakuruhusiwa kuvuka kwenda ya pili kabla ya saa 7 mchana. Aliyepanga vyema aliianza hesabu yake kwa saa hiyo isiyosogezeka, kisha akayapanga mengine kuizunguka.

WASAFIRI WA NJIA YA ZAMANI

Tusidhani kwamba busara hii ni ngeni kwetu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Ujiji, ilikuwa na milango myembamba yake. Kulikuwa na hongo ya kulipwa Ugogo. Kulikuwa na Mgunda Mkali, pori lenye maji haba kabla ya kuingia Unyamwezi. Mahali kama hapo kirangozi alipaswa kupima umbali wa kisima kwa nguvu za wapagazi. Safari ya alasiri, ambayo maandiko ya karne ya 19 huiita tirikeza, ilifanywa ili msafara ulale njiani bila maji na kukifikia kisima mapema kesho yake.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliwagawa watu wake wapatao 190 katika misafara mitano. Wa kwanza uliondoka Bagamoyo tarehe 18 Februari, na wake mwenyewe, uliokuwa wa mwisho, tarehe 21 Machi. Faida ya mgawanyo huo ni dhahiri: kisima kinachonywesha watu 40 kwa jioni moja hakiwezi kunywesha 190, lakini chaweza kuwanywesha wakija kwa zamu.

Hata hivyo mpango huo haukuweza kuifungua njia iliyofungwa. Stanley alipofika Unyanyembe mwezi Juni alikuta vita baina ya Waarabu wa hapo na Mirambo vimekwisha kuziba njia ya Ujiji, akakaa Kwihara hadi tarehe 20 Septemba, kisha akazunguka kwa kusini.

Funzo kubwa zaidi ni la Livingstone. Tabora ilikuwa mahali ambapo wapagazi wengi walimaliza mkataba. Burton na Speke, waliofika Kazeh mwezi Novemba 1857 baada ya siku 134, walikaa zaidi ya mwezi kabla ya kuendelea. Livingstone alirudi Kwihara pamoja na Stanley mwezi Februari 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani, ili awatume wapagazi. Livingstone alingoja katika tembe lile miezi mitano. Wapagazi walifika tarehe 14 Agosti, naye akaondoka tarehe 25 Agosti. Kwa kuchelewa huko aliifikia nchi ya vinamasi ya Bangweulu mwanzoni mwa mwaka 1873, mvua zikiwa zimepamba moto, hali mwili wake ulikuwa dhaifu kwa maradhi ya tumbo. Alifariki huko mwanzoni mwa mwezi Mei. Maradhi yake yalikuwa ya zamani, na hatuwezi kuyatwisha yote juu ya kungoja. Lakini ni kweli kwamba muda uliopotea mahali pamoja haukubaki hapo. Ulisafiri pamoja naye hadi mahali pa pili.

Ndivyo ilivyo hata katika ziara yetu ndogo. Katika mpango wa pili, basi likiharibika kwa nusu saa kati ya saa 2:30 na saa 3, kila hatua ifuatayo inasogea nusu saa, na ziara inakwisha saa 5:30. Mpango uliojaa kabisa hauna mahali pa kumezea ajali. Kwa hiyo mpangaji mwema huacha akiba.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, tafuta mlango ulio mwembamba kuliko yote, na uwekee nafasi kabla ya kupanga jambo jingine. Andika barua au piga simu. Uliza wanaingia wangapi na kwa muda gani.

Pili, yaandike mambo yenye saa isiyosogezeka, kama vile treni, kufungwa kwa lango, au chakula cha wagonjwa, ndipo uyajaze yaliyobaki.

Tatu, hesabu muda wa kuvuka kutoka mahali hadi mahali, pamoja na kupanda na kushuka. Wagawe watu ili wengine waanzie pale wengine watakapomalizia.

Nne, acha akiba ya muda kati ya mahali pa kwanza na pa pili, hata kama karatasini yaonekana ni hasara.

Tano, usimwache mnyonge mwishoni mwa mstari. Siku ikiwa fupi, wa mwisho ndiye akosaye. Basi zamu na zipangwe mapema, na walio wadogo waingie kwanza.

Mwalimu aweza kuifanya hesabu hii ubaoni pamoja na wanafunzi wenyewe siku moja kabla ya ziara, kwa chaki na kwa tarakimu za kweli za shule yake. Watajifunza hisabati kabla ya kupanda basi, na kesho yake wote 80 wataingia ndani ya tembe.