Agroekolojia: Vita vya kuokoa bayoanuwai vyahamia shambani

MNAMO Mei 22, 1992, wajumbe wa mataifa waliokuwa wamekutana jijini Nairobi waliafikiana kuhusu matini ya Mkataba wa Bayoanuwai. Mwezi uliofuata mkataba huo ulipelekwa Rio de Janeiro, Brazil, ambako viongozi wa dunia walianza kuutia saini, na hatimaye ukaanza kutekelezwa Desemba 29, 1993. Ni kwa kumbukumbu ya kikao hicho cha Nairobi ambapo Mei 22 huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Bayoanuwai.

Bayoanuwai ni wingi wa aina za viumbe: mimea, wanyama, wadudu, hata vijidudu visivyoonekana kwa macho, pamoja na tofauti zilizopo ndani ya kila aina na mazingira zinamoishi. Wengi wetu tulisikiapo neno hilo huwaza ndovu wa Amboseli au nyumbu wanaovuka Mto Mara. Ni nadra mtu kuwaza managu yaliyojiotea nyuma ya jiko, nyuki katika ua la malenge au nyungunyungu anayelegeza udongo usiku kucha bila malipo.

Fikra hiyo, kwamba viumbe hulindwa mbugani nako shambani ni kwa mahindi, ndiyo makala hii inalenga kuichunguza. Zaidi ya thuluthi moja ya nchi kavu duniani inatumiwa kwa kilimo na ufugaji. Hata tukizungushia ua kila mbuga na kila msitu, viumbe wengi wataendelea kuishi, au kufa, mikononi mwa mkulima.

Mnamo 2019 jopo la kimataifa la wanasayansi kuhusu bayoanuwai (IPBES) lilionya kwamba takriban spishi milioni moja za wanyama na mimea zimo katika hatari ya kuangamia. Jopo hilo lilitaja mabadiliko ya matumizi ya ardhi, hasa upanuzi wa mashamba, kuwa chanzo kikuu cha hasara hiyo katika nchi kavu.

Mwaka uo huo, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa ripoti iliyoonyesha hasara ya upande wa pili, yaani ndani ya shamba lenyewe. Kati ya takriban aina 6,000 za mimea ambazo binadamu amewahi kulima kwa chakula, zisizofika 200 ndizo zenye mchango mkubwa, na tisa pekee ndizo huzalisha asilimia 66 ya mazao yote. Mahindi, mchele, ngano, viazi na muhogo ni miongoni mwa hizo tisa. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu hili limechovywa kwa miongo mingi.

Mkulima wa Kenya hahitaji kuelezwa hatari iliyopo. Septemba 2011, ugonjwa hatari wa mahindi unaosababishwa na virusi viwili vinaposhirikiana uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini, katika eneo la Bomet. Kuna waliopoteza shamba zima. Mojawapo ya nasaha walizopewa wakulima ni kusitisha mahindi kwa muda na kupanda mimea ya jamii nyingine kama vile maharagwe na viazi, ili kukata mnyororo wa maambukizi. Kwa maneno mengine, tiba ilitafutwa katika uanuwai.

Hapa ndipo agroekolojia inapoingia. Neno hili si geni sana. Lilitumiwa na mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Urusi, Basil Bensin, mwishoni mwa miaka ya 1920. Maana yake ni kilimo kinachofuata kanuni za ikolojia, yaani elimu ya mahusiano ya viumbe na mazingira yao. Anayekifuata halitazami shamba kama kiwanda kinachotiwa mbolea upande mmoja kikatoa magunia upande wa pili. Hulitazama kama jumuiya ya viumbe wanaotegemeana, kisha akauliza: ni nani hapa anayeweza kuifanya kazi ambayo sasa nailipia dukani?

Ikumbukwe kwamba agroekolojia si jina jingine la kilimo-hai kinachopigia marufuku kemikali nyingi za viwandani ili kupata cheti cha soko. Wala si kurejea jembe la babu. Ni sayansi, ni mbinu za shambani, na kwa wengi pia ni dai la haki kwamba mkulima mdogo awe na kauli kuhusu mbegu, ardhi na chakula chake.

Mfano bora tunao hapa nyumbani. Katika kituo cha Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria, watafiti wa kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu, icipe, kilichoasisiwa na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo mnamo 1970, walianza katika miaka ya 1990 kubuni mbinu inayojulikana kama vuta-sukuma. Walishirikiana na watafiti wa Rothamsted, Uingereza, pamoja na wakulima wenyewe.

Mbinu hiyo hufanya kazi hivi. Kati ya mistari ya mahindi, mkulima hupanda desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya kunde. Pembezoni mwa shamba hupanda nyasi za nepia, maarufu kama mabingobingo. Wabunifu wake wanaeleza kwamba desmodiamu huwasukuma mbali nondo wanaozaa viwavi watobozi wa mabua, nazo nyasi za pembeni huwavuta wakatage mayai huko. Mayai yanapoanguliwa, nepia hutoa utomvu unaonata na viwavi wengi hufa wakiwa wachanga.

Kazi ya desmodiamu haiishii hapo. Mizizi yake hutoa kemikali zinazochochea mbegu za gugu haribifu, ambalo Waluo huliita kayongo, kuota na kisha kushindwa kujishikiza kwenye mizizi ya mahindi, likafa. Aidha, mmea huo huongeza nitrojeni udongoni, huzuia unyevu kupotea na hatimaye hukatwa ukawa lishe ya ng'ombe, ambaye naye hurudisha samadi shambani. Icipe inasema wakulima waliokuwa wakivuna takriban tani moja ya mahindi kwa hekta wamefikia tani tatu na nusu. Viwavijeshi walipoingia nchini mnamo 2017, uchunguzi ulionyesha kwamba mashamba ya vuta-sukuma yalikuwa na viwavi hao wachache zaidi ya asilimia 80 kuliko yale ya mahindi pekee.

Msomaji atatambua kwamba mkulima huyo hakupanda desmodiamu ili kutekeleza mkataba wa kimataifa. Alitaka kuvuna. Lakini kwa kufanya hivyo amewaepusha na sumu nyuki na wadudu wengine wasio na hatia, amehuisha udongo, na mahali palipokuwa na mmea mmoja sasa ipo mitatu. Hiyo ndiyo hoja kuu ya watetezi wa agroekolojia: kwamba uhifadhi unadumu pale tu unapomlipa yule anayehifadhi.

Mataifa yalichukua muda kuikubali hoja hiyo. Mnamo 1996, wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai walipokutana Buenos Aires, Argentina, waliamua kushughulikia bayoanuwai ya kilimo, na mnamo Mei 2000, katika kikao kingine cha Nairobi, wakaidhinisha mpango wa kazi kuihusu, ukiwemo mkakati wa kulinda wachavushaji. Mnamo 2010 kule Nagoya, Japani, waliweka malengo 20 ya kufikiwa kufikia 2020, likiwemo la kilimo endelevu. Muda ulipokwisha, hakuna hata lengo moja lililokuwa limetimizwa kikamilifu kote duniani.

Wakati huo FAO ilikuwa imeandaa kongamano la kwanza la kimataifa kuhusu agroekolojia jijini Roma mnamo 2014, na la pili mnamo 2018. Neno ambalo awali lilikuwa la vyuo vikuu na vyama vya wakulima wadogo likaingia katika kumbi za wanadiplomasia.

Kilele kilikuwa Montreal, Kanada, Desemba 19, 2022, ambapo mataifa yalipitisha Mfumo wa Kimataifa wa Bayoanuwai wa Kunming-Montreal, wenye malengo 23 ya kutimizwa kufikia 2030. Linalojulikana zaidi ni la tatu, la kuhifadhi asilimia 30 ya ardhi na bahari. La 10, ambalo halikupigiwa tarumbeta, linataka maeneo ya kilimo, ufugaji wa samaki, uvuvi na misitu yasimamiwe kwa njia endelevu, na kutumia kwa wingi zaidi mbinu zinazofaa bayoanuwai.

Lakini mbinu zipi? Hapo ndipo palipozuka mvutano. Kuna mataifa yaliyotaka agroekolojia itajwe waziwazi. Mengine yalipendelea dhana ya kuongeza mavuno kwa njia endelevu, inayosisitiza kupata mazao mengi zaidi katika ekari ile ile, kwa mbegu bora na pembejeo zinazotumiwa kwa uangalifu. Mwishowe dhana zote mbili ziliwekwa katika sentensi moja, na kila upande ukaenda nyumbani ukidai kushinda. Nguvu ya sentensi hiyo sasa inategemea kila serikali itakavyochagua kuisoma.

Wanaoitilia shaka agroekolojia wana hoja isiyostahili kupuuzwa. Wanasema mavuno yakishuka, wakulima watalazimika kufyeka misitu zaidi, na viumbe tuliotaka kuwaokoa ndio watakaoumia. Mara nyingi hutaja Sri Lanka, ambayo mnamo Aprili 2021 ilipiga marufuku uagizaji wa mbolea na dawa za kemikali bila kuwaandaa wakulima. Mavuno ya mpunga yalishuka vibaya, na kufikia Novemba mwaka huo serikali ilikuwa imelegeza msimamo.

Hata hivyo, yaliyotukia Sri Lanka yanatufunza hatari ya kuondoa kitu kabla ya kuweka kingine mahali pake. Vuta-sukuma haianzi kwa marufuku; huanza kwa kupanda. Ni kweli pia kwamba inahitaji jasho, hasa msimu wa kwanza desmodiamu inapokuwa changa na kupaliliwa kwa uangalifu, na mbegu zake si rahisi kupatikana kila mahali. Asiyekuwa na ng'ombe wala soko la lishe hunufaika kwa kiasi kidogo. Mkulima aliyekodisha shamba kwa msimu mmoja ana sababu gani ya kurutubisha udongo wa mwenziwe?

Maswali hayo hayajibiwi na sayansi pekee, bali na sheria na bajeti. Katika nyanja hii Kenya imepiga hatua. Kaunti ya Murang'a ilitunga sheria ya agroekolojia mnamo 2022, na Novemba 2024 serikali ya kitaifa ikazindua mkakati wa agroekolojia wa miaka ya 2024 hadi 2033.

Kubwa zaidi ni suala la mbegu. Kwa miaka mingi, sheria ya mbegu ilimtishia mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kwa kifungo cha hadi miaka miwili jela au faini ya hadi Sh1 milioni. Mnamo 2022 wakulima 15 walielekea mahakamani. Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vipengele vilivyoharamisha desturi hiyo vilikiuka Katiba.

Uamuzi huo una uzito kuliko unavyodhaniwa. Hifadhi ya kitaifa ya mbegu iliyoko Muguga, iliyoanzishwa mnamo 1988, hutunza makumi ya maelfu ya sampuli katika baridi kali. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini mbegu iliyogandishwa hubaki jinsi ilivyokuwa siku ilipoingia, ilhali ile inayopandwa kila msimu huendelea kuzoea ukame, wadudu na udongo wa mahali pake. Akina mama waliokuwa wakipeana mbegu za kunde, saga na mtama kwa vikombe walikuwa wahifadhi wa bayoanuwai, ingawa sheria iliwaita wahalifu.

Lililosalia ni fedha. Lengo la 18 la Montreal lilizitaka nchi kutambua, kufikia 2025, ruzuku zinazodhuru bayoanuwai, kisha kuzipunguza kwa angalau dola bilioni 500 kwa mwaka duniani kote kufikia 2030. Serikali yetu imetumia mabilioni ya pesa kumpunguzia mkulima bei ya mbolea ya viwandani, na asiyejua shida ya mkulima huyo ndiye atakayelaumu msaada huo. Swali la haki ni jingine: mbona anayetengeneza mboji, anayepanda desmodiamu au anayetunza aina kumi za maharagwe asipate hata chembe ya ruzuku hiyo?

Maafisa wa kilimo wa nyanjani wamepungua, na maarifa haya hayauzwi katika mfuko wenye maelezo mgongoni. Hufundishwa ana kwa ana, shamba kwa shamba. Mkakati usiotengewa fedha za kuwaajiri wakufunzi utabaki kabatini, kama yalivyobaki malengo ya Nagoya.

Mwaka wa 2030 hauko mbali. Kwa mkulima ni misimu michache tu ya mvua. Mkataba uliokubaliwa Nairobi utapimwa kwa idadi ya ndovu na faru, na hilo ni sawa. Lakini utapimwa pia na yule mama wa Siaya au Kitui atakapofungua kibuyu chake kabla ya mvua za masika, na kuona iwapo bado ana mbegu za kuchagua.