Fedha za korosho na kiwanja cha Dar: Pima kwanza saa za treni

KILA msimu wa minada ya korosho unapokwisha na fedha kuingia benki kupitia vyama vya msingi, vijiji vya Mnero, upande wa Nachingwea unaopakana na Ruangwa, huwa na mazungumzo yale yale. Mmoja anataka bati, mwingine pikipiki, mwingine ana ada ya shule inayomsubiri. Na wapo ambao sasa wanataka kiwanja Dar es Salaam.

Si kwamba wanataka kuhama. Mikorosho haibebeki. Watakaokaa kwenye kiwanja hicho ni watoto: kijana anayeuza duka Kariakoo, binti aliyepata kazi mjini, mdogo wao anayesoma chuo. Wote wamepanga, na wengi wamepanga Mbagala, kwa sababu mabasi ya kusini huingia jijini kwa Barabara ya Kilwa na huko ndiko wajomba na shangazi waliotangulia walikojenga. Baba akiwa Mnero anapiga hesabu ya kodi ya vyumba vitatu kwa mwaka na kuona kwamba heri ajenge.

Hapo ndipo dalali anapokuja na neno ambalo zamani halikuwamo katika biashara ya viwanja: treni. Kiwanja kiko Pugu, anasema, ni dakika kumi tu kutoka stesheni, na mtoto atafika mjini kabla jua halijachoma. Bei nayo imepandishwa kwa sababu ya stesheni hiyo hiyo. Kwa mkulima ambaye fedha hizo anazipata mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hazipati kabisa, kukosea hapa ni kupoteza misimu mitatu au minne ya kupalilia, kupulizia dawa na kuokota.

Treni si moja

Jambo la kwanza ambalo dalali halisemi ni kwamba Dar es Salaam kuna treni za aina tofauti, na kila moja ina stesheni zake, nauli zake na saa zake.

Treni za abiria wa ndani ya jiji zilianza Oktoba 29, 2012, wakati Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, na watu wakaziita kwa jina lake. Moja ilipita reli ya kati kutoka Ubungo Maziwa hadi Stesheni katikati ya mji, kwa kupitia Tabata, Buguruni na Kamata. Nyingine ilipita reli ya TAZARA kutoka Mwakanga hadi Kurasini. Mwaka 2016 ikaongezwa njia ya Pugu, inayopita Gongo la Mboto na Vingunguti kuelekea mjini.

Treni hizi zilipangwa kwa ajili ya mtu wa kazini: asubuhi zinaleta watu mjini, jioni zinawarudisha. Katikati ya mchana hazina kazi. Zilipoanza, Jumapili na sikukuu hazikutembea. Nauli yake ni ya daladala au chini ya hapo. Njia ya Ubungo ilianza kwa Sh400 kwa mtu mzima.

Ya pili ni treni ya umeme, ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024 na kufika Dodoma Julai 25 mwaka huo. Treni yake ya kawaida ina vituo vya Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere kabla ya Morogoro. Ya haraka haina muda wa kusimama kote huko. Nauli zilizotangazwa na LATRA mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam zilikuwa Sh1,000 hadi Pugu, Sh4,000 hadi Soga, Sh5,000 hadi Ruvu na Sh13,000 hadi Morogoro.

Mnunuzi achukue kalamu. Anayeishi Soga na kwenda mjini siku 26 kwa mwezi atalipa Sh8,000 kwa siku, yaani Sh208,000 kwa mwezi. Hiyo ni kabla ya bodaboda na chakula cha mchana. Kwa kijana wa dukani, fedha hiyo inapanga chumba kizuri Buguruni na chenji inabaki. Anayeishi Pugu kwa nauli hiyo hiyo ya treni ya umeme atalipa Sh52,000. Tofauti ya Sh156,000 kila mwezi ndiyo inayopaswa kuwekwa kwenye mizani pale dalali anaposema kwamba Soga viwanja ni vikubwa na bei ni ya chini. Ni kweli ni vikubwa, na anayetaka kufuga kuku au kulima mboga Soga panamfaa. Lakini huyo ni mkulima wa pembezoni mwa mji, si mtu wa kwenda na kurudi kila siku.

Tena treni ya umeme ilipangwa kwa wasafiri wa mbali. Tiketi hukatwa mapema, mizigo ina masharti, na saa za kuondoka zimepangwa kwa kumfikiria anayekwenda Morogoro na Dodoma kuliko anayekimbilia kufungua duka saa 1 asubuhi. Hata Pugu kwenyewe, stesheni ya reli ya zamani na ile ya treni ya umeme ni mbili tofauti, na dalali anaposema "stesheni" ni lazima aulizwe ni ipi.

Dakika kumi za nani?

Safari ya kwenda kazini haianzi treni inapoondoka. Inaanza mlangoni. Tuseme kijana wa Kariakoo amejengewa Pugu. Kuna kutembea au kupanda bodaboda hadi stesheni, kuna kusubiri, kuna safari yenyewe, halafu kuna kushuka Kamata na kutembea hadi dukani. Kilomita zinazobaki kati ya nyumba na stesheni ndizo zinazokula muda na fedha. Bodaboda ya kwenda na kurudi kila siku huweza kuzidi nauli ya treni, na hapo unafuu wote wa treni umekwisha.

Dakika kumi za dalali mara nyingi ni za pikipiki, kiangazi, saa 4 asubuhi. Mnunuzi anatakiwa kulala kwa ndugu yake aliye karibu, aamke saa 10 usiku, atembee kwa miguu kutoka kwenye kiwanja hadi stesheni gizani, apande treni hiyo na kushuka mjini pamoja na wenye kazi zao. Afanye hivyo siku ya kazi, na ikiwezekana wakati wa masika, kwa sababu Pugu ni vilima na mabonde, na njia ya udongo mwekundu iliyopitika Agosti yaweza isipitike Aprili. Wa Mnero hahitaji kufundishwa habari ya barabara za masika.

Jioni ndiyo ngumu zaidi. Mwenye ofisi anatoka saa 10 au 11 na treni inamsubiri. Muuza duka anafunga saa 1 au saa 2 usiku, baada ya wateja wa mwisho, na treni ya mwisho yaweza kuwa imeshapita. Kwa hiyo kitongoji kinachomfaa karani hakimfai mwuza duka, hata kama wote wawili wanafanya kazi mtaa mmoja.

Hii ndiyo sababu Gongo la Mboto, pamoja na msongamano wake na viwanja vyake vidogo, huwa na bei kuliko sehemu zilizo mbele yake. Ina treni asubuhi, na ina daladala za Barabara ya Nyerere hadi usiku. Awamu ya tatu ya mradi wa mabasi yaendayo haraka nayo imepangwa kufika huko huko. Treni ikikosekana, mtu anafika nyumbani. Kinyume chake ni viwanja vya Buyuni, kuelekea Chanika, vilivyopimwa katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Ramani yake ni safi na mitaa imenyooka, lakini hadi stesheni ni safari nyingine kamili.

Njia ya TAZARA ina mvuto wake kwa watu wa kusini, kwa kuwa inapita Yombo na kuishia Kurasini, karibu na bandari na si mbali na ndugu wa Temeke na Mbagala. Anayeitamani afike kituoni na kuuliza ratiba ya wiki hiyo hiyo, si ya mwaka ilipoanza. Mbagala kwenyewe hakuna treni ya kumpeleka mtu mjini, ila Barabara ya Kilwa imejengewa njia ya mabasi yaendayo haraka, na kwa familia nyingi za Mnero huenda hilo likawa jibu la karibu kuliko stesheni yoyote.

Nachingwea iliwahi kuwa na reli

Wazee wa Nachingwea hawashangazwi na treni. Waingereza walipoleta mpango wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, walijenga reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kupitia Ruo hadi Nachingwea, na mwaka 1949 ilikuwa ikitumika. Baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara, na mwaka 1958 tawi likafika Masasi. Mpango wa karanga wenyewe ulikuwa umeshavunjwa tangu 1951. Reli ikabaki bila mzigo wa kutosha, na mwaka 1962 ikafungwa, kisha mataruma na vyuma vikang'olewa. Aliyeweka duka kwa kutegemea kituo cha treni alibaki na duka, treni ikaondoka.

Hakuna anayesema kwamba reli ya Pugu itang'olewa. Jiji lenye mamilioni ya watu si mashamba ya karanga. Ila huduma ya abiria wa ndani ya jiji inaweza kusimama kwa wiki au miezi kwa sababu ya mafuriko au injini iliyoharibika, na imewahi kutokea. Kitongoji ambacho treni ndiyo njia yake pekee kinamweka mtoto pabaya siku hiyo.

Karibu mno nako kuna hatari

Baada ya kusikia yote haya mnunuzi anaweza kukimbilia kiwanja kinachogusana na reli. Sheria ya Reli ya mwaka 2002 iliweka hifadhi ya mita 15 kila upande wa reli mijini na mita 30 nje ya miji. Mwaka 2017, ujenzi wa reli ya kisasa ulipoanza, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi jijini Dar es Salaam ziliwekewa alama ya X nyekundu na kubomolewa. Wenyewe walikuwa wamezinunua kwa mashahidi na karatasi za mtaa, wakiamini hiyo inatosha.

Hata hati peke yake si kinga. Jirani zetu wa Kenya walilijua hilo Syokimau, nje kidogo ya Nairobi. Novemba 2011 nyumba nyingi za huko zilivunjwa kwa maelezo kwamba zimejengwa juu ya ardhi ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na miongoni mwa waliovunjiwa walikuwamo wenye hati mkononi. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua pale pale Syokimau stesheni mpya ya treni za kwenda mjini, na eneo likazidi kutafutwa na wajenzi wa nyumba. Eneo zuri na eneo lenye mgogoro vilikuwa sehemu moja.

Kwa hiyo kabla ya malipo ya kwanza, karatasi zipelekwe ofisi ya ardhi ya manispaa au halmashauri husika ili ionekane kiwanja kiko kwenye ramani ya mipango miji na jina la muuzaji ndilo lililomo. Soga na Ruvu ziko Mkoa wa Pwani, na huko sehemu ya ardhi ni ya vijiji chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999; halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji vina neno, na mwenyekiti peke yake hawezi kuuza. Kama kiwanja kiko jirani na reli, waulizwe wenye reli wapi hifadhi yao inaishia. Na kipimo kiwe cha mita kwa kamba. "Ishirini kwa ishirini" ya hatua za miguu hutegemea urefu wa miguu ya anayepiga hatua, na kwa kawaida huwa ni ya muuzaji.

Linabaki suala la mzigo, ambalo mkulima hulisahau mpaka siku ya kwanza. Familia yenye mtoto Dar es Salaam haimtumii fedha tu. Inatuma ufuta, choroko, unga wa muhogo, mbaazi, na korosho za kubangua ili mtoto auze rejareja ofisini na mtaani. Magunia hayo hutoka Nachingwea kwa basi au lori, yanavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji na kushushwa Mbagala, mara nyingi usiku. Kutoka Mbagala hadi Pugu hakuna treni inayoyapokea, na ile ya asubuhi imejaa watu waliosimama, haina nafasi ya gunia. Gharama ya bajaji au kirikuu kutoka Mbagala hadi kwenye kiwanja iulizwe siku ile ile ya kwenda kukiona.