Mawazo hulemaza tumbo, wanawake huumia zaidi

KATIKA vituo vya barabara kuu ya Nairobi-Mombasa kama Salama, kaunti ya Makueni, si ajabu kumsikia dereva au mchuuzi akilalamika kwamba alikula asubuhi na hadi jioni chakula hakijashuka. Tumbo limemjaa gesi na choo ni kigumu. Akipimwa hospitalini, haonekani kuwa na kidonda wala uvimbe. Hapo huambiwa, "Ni mawazo tu."

Kauli hiyo hupotosha, kwani maumivu ya mgonjwa huyo ni ya kweli.

Kuta za utumbo zina mtandao wa seli za fahamu zaidi ya milioni 100, nao huwasiliana na ubongo saa zote. Mtu anapojawa na hofu au wasiwasi, ubongo huuandaa mwili kukabiliana na hatari, na shughuli ya kusaga chakula huahirishwa. Mfuko wa chakula huchelewa kumwaga kilichomo, ilhali utumbo mpana huweza kusukumwa kwa kasi. Ndiyo maana mwenye wasiwasi aweza kushiba kwa vijiko vichache na papo hapo akakimbilia choo.

Jambo hili lilibainika zamani. Mnamo 1822, Alexis St. Martin alipigwa risasi huko Mackinac, Marekani, na jeraha lake likaacha tundu lililofika ndani ya mfuko wa chakula. Daktari wake, William Beaumont, alichungulia humo kwa miaka kadhaa, na katika kitabu alichochapisha 1833 akaeleza jinsi hasira ilivyovuruga usagaji wa chakula.

Jinsia nayo ina sehemu yake. Utafiti uliofanywa katika nchi 33 na kuchapishwa 2021 ulionyesha kuwa, miongoni mwa waliohojiwa kupitia intaneti, wanawake 49 katika kila 100 walikuwa na matatizo ya aina hii, wanaume wakiwa 37. Homoni ya projesteroni, ambayo huongezeka kabla ya hedhi na wakati wa ujauzito, hulegeza misuli ya utumbo. Hivyo, wanawake wengi hufunga choo nyakati hizo.

Mizigo ya maisha huzidisha hali hiyo. Makueni ni miongoni mwa kaunti kame zilizokumbwa na ukosefu wa mvua kwa misimu kadhaa mfululizo kati ya 2020 na 2022. Mama anayewaza maji, chakula na karo hawezi kuambiwa aache kuwaza. Wanaume nao aghalabu hunyamaza, wakachelewa kutafuta matibabu.

Hata hivyo, si kila ugonjwa wa tumbo hutokana na mawazo. Barry Marshall na Robin Warren walitunukiwa Tuzo ya Nobel 2005 kwa kugundua bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo. Dawa za maumivu pia huleta vidonda, na kisukari huweza kuharibu neva zinazoendesha tumbo.

Kwa hivyo, anayekonda bila sababu, anayeshindwa kumeza, anayetapika damu au kupata choo cheusi, amwone daktari bila kukawia. Vipimo visipoonyesha kasoro, kula kidogo kidogo, kunywa maji ya kutosha, kutembea na kupata ushauri nasaha husaidia, na zipo dawa za kutuliza neva za utumbo ambazo daktari aweza kuagiza.