Kutoka Mwaka wa Sita, Tunakwenda Wapi?

Watoto wa mwaka wa sita huniuliza: "Furere, tutaingiaje sekondari?" Sikilizeni vizuri, tena mkawaeleze baba na mama nyumbani.

Kwanza kuna mtihani wa taifa. Ninyi mnauita ENAFEP. Kaka zenu waliuita TENAFEP. Mtoto wa Kasongo, mtoto wa Kabambare na mtoto wa Kinshasa hujibu maswali yale yale. Ni maswali ya Kifaransa, ya hesabu na ya maarifa ya jumla, na yote yameandikwa kwa Kifaransa. Ndiyo sababu mwalimu hawaachi kupumzika.

Anayefaulu hupata sertifika. Sasa, katika Tanzania, ng'ambo ya ziwa, serikali yenyewe humpangia mtoto shule ya sekondari. Kwetu sivyo. Mzazi huchagua shule, akaenda kwa prefe kumwandikisha mtoto kabla ya mwezi wa tisa. Huchukua sertifika na buletini ya mwaka wa sita. Shule nyingine huwapa watoto mtihani wao wenyewe, hasa zile zinazopendwa na watu wengi.

Angalieni jina! Nilimjua kijana mmoja wa kijiji kilicho karibu na mto Luama. Alikuwa na akili, alifaulu vizuri. Lakini jina lake katika buletini na jina lake katika sertifika hayakulingana. Herufi mbili tu zilikosewa. Prefe akasema: "Nitajuaje kama karatasi hizi ni za mtu mmoja?" Baba akarudi kwa miguu, siku mbili njiani, kumtafuta direkta. Alipofika tena, darasa lilikwisha kujaa. Kijana alilima mpunga mwaka mzima, na wenzake wakisoma. Kwa hiyo direkta anapoandika majina ya watakaofanya mtihani, omba kuliona lako, ulisome herufi kwa herufi. Hiyo si kukosa adabu.

Tena kuna feza. Tangu 2019 shule za msingi za serikali, pamoja na zetu za misioni zilizo chini ya mapatano na serikali, hazidai malipo. Sekondari mzazi angali analipa. Basi msimwambie baba habari hii mwezi wa nane, mpunga ukiisha kuuzwa na feza kuliwa. Mwambieni wakati wa mavuno.

Katika sekondari mtaanza na mwaka wa saba na wa nane. Halafu mtachagua njia: ualimu, biashara, sayansi, ufundi, au nyingine, miaka minne, mpaka Mtihani wa Serikali, ule ulioanza 1967. Lakini si kila shule ina njia zote. Shule ya karibu labda ina ualimu peke yake, nawe wataka sayansi. Mwulize prefe siku ile ile ya kuandikishwa, ili baba ajue mapema kama itampasa kutafuta ndugu wa kukulaza mjini.